Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: andikeni jina la dawa kwenye bahasha

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu,
na kwa wote wenye dhamana ya dawa na maduka ya dawa.

YAH: MADHARA YA DAWA ZA MAUMIVU KWENYE DAMU, NA BAHASHA ZISIZO NA JINA LA DAWA

Ndugu Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaambiwa ipo kwenye faili. Nilipolifuata faili nikaambiwa mwenye nalo yuko semina. Hakuna aliyenikatalia na hakuna aliyenijibu. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu, kwa adabu ileile niliyoanza nayo, ili jibu likija liwe la wote.

Mkoa sitautaja, wala hospitali, wala duka. Nikitaja najua kitakachofuata: muuguzi mmoja atahamishiwa pembezoni, duka moja litafungiwa kwa muda, picha zitapigwa, na bahasha zitaendelea kutoka dirishani kama kawaida. Ninacholalamikia kinatendeka karibu kila mtaa, na wengi wanaokitenda ni watu wema waliofundishwa hivyo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Si daktari na sitajifanya daktari. Mgonjwa katika habari hii ni kaka yangu, fundi mwashi, ambaye ameniruhusu kuisimulia ila jina lake lisitajwe.

Kaka alishikwa na mgongo akiwa saiti. Akaenda duka la dawa la jirani, akaomba "dawa kali ya mgongo". Alichomwa sindano palepale nyuma ya kaunta, akapewa na vidonge vya kwenda navyo. Siku chache baadaye macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa na rangi ya kola, na mtu aliyezoea kupandisha zege ghorofani akawa anashindwa kufika chooni bila kupumzika njiani. Zahanati wakapima malaria, hakuna; wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Wilayani wakasema ini. HB, yaani wingi wa damu, ilipopimwa ilikuwa 5. Akaongezewa damu, akapata nafuu, akaruhusiwa.

Mgongo uliporudi akaenda kliniki, akaandikiwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Yote yakaanza upya, safari hii kwa kasi zaidi. Hospitali ya rufaa ndiko alikokutana na daktari kijana aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kabla ya kuugua mara ya kwanza, ulimeza nini? Kaka akampa bahasha. Nje ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1×3. Basi. Ilibidi mtu atumwe mpaka dukani, muuzaji akumbuke, na kwa bahati akakumbuka kwa sababu kaka alikuwa mteja wake wa siku zote. Ilikuwa diklofenaki, sindano na vidonge. Kipimo cha Coombs kikaonyesha kwamba kingamwili za mwili wake mwenyewe zimejibandika kwenye chembe nyekundu za damu na kuziangamiza. Dawa ikakatazwa, tiba ikaanza, kaka akapona. Leo anabeba kwenye pochi kadi aliyoandikiwa na daktari yule, kwamba asipewe dawa hiyo tena maisha yake yote.

Sasa niingie kwenye hoja zangu.

1. Bahasha haina jina

Nenda dirishani, sema "nipe ya maumivu". Wengine watataja diklopa, jina ambalo mtaani limekuwa la kila diklofenaki, hata iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Muuzaji atashusha karatasi ya vidonge, mkasi utapita, na kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuisha muda kitabaki dukani. Wewe utaondoka na vidonge sita ndani ya kibahasha. Kama vimehesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge elfu moja, hata hicho kipande hakikuwapo. Mara nyingine huchanganywa aina mbili au tatu kwenye bahasha moja, cheupe, cha njano na cha rangi ya chungwa, vyote 1×3. Karatasi ya maelezo imo ndani ya boksi, boksi liko rafu ya juu, na maelezo yenyewe ni ya Kiingereza kwa herufi ambazo mimi mwalimu nazisoma kwa miwani.

Nakubali kwamba 1×3 ni ya lazima. Lakini 1×3 ya nini? Daktari atakayempokea mgonjwa huyu wiki ijayo anamkuta na bahasha tupu na kumbukumbu ya rangi ya kidonge. Kaka aliokolewa na kumbukumbu ya muuzaji. Angenunua stendi akiwa safarini, angemezeshwa tena, na tena, mpaka damu ya kumwongezea ikosekane.

2. Damu haitajwi

Tumeambiwa sana kuhusu vidonda vya tumbo, na siku hizi figo. Hilo ni jema. Kuhusu damu sijawahi kusikia mtu akionywa dirishani, na nimekaa kwenye foleni za madirisha hayo tangu utoto.

Naomba niieleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Damu ina chembe za aina tatu, na dawa za maumivu zinaweza, kwa watu wachache, kuigusa kila aina kwa namna yake.

Chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni, huishi takriban siku 120. Diklofenaki ni mojawapo ya dawa zinazojulikana kuufanya mwili wa mtu mmojammoja utengeneze kingamwili dhidi ya chembe hizo, zikapasuka kwa siku chache au hata kwa saa. Asidi ya mefenamiki, ambayo wanawake wengi hupewa kwa maumivu ya hedhi, nayo imo kwenye orodha hiyo. Manjano ya macho ni mabaki ya chembe zilizopasuka. Rangi ya kola kwenye mkojo ni hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inayomwagika. Ndiyo maana ini la kaka lilipimwa weee na halikukutwa na kitu.

Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu mtu akikatika. Aspirini huzilemaza sahani hizo kwa muda wote wa maisha yao, siku 7 hadi 10, na hilo si nadra, humtokea kila anayeimeza; ndiyo kazi yake kwa wagonjwa wa moyo. La nadra ni pale dawa, ibuprofeni mathalani, inapofanya sahani zenyewe zipungue, mtu akatokwa na madoa mekundu miguuni na fizi zikavuja damu bila sababu.

Chembe nyeupe ndizo kinga. Zile ziitwazo nyutrofili hukaa kwenye damu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo zikiacha kutengenezwa, au zikishambuliwa, ndani ya siku chache mtu hana ulinzi. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita hali hiyo huitwa agranulositosisi. Huanza kwa homa, kutetemeka, koo kuuma na vidonda mdomoni. Ukiwahi, unaacha dawa, unapewa antibiotiki, na mara nyingi chembe hurudi. Ukichelewa, bakteria waliokuwa wakiishi nawe kwa amani wanakuua.

Liko pia la nne, uboho wote ndani ya mifupa, unaotengeneza chembe hizi, kukauka: anemia ya aplastiki. Hilo ndilo lililoiangusha fenilibutazoni, dawa ya baridi yabisi iliyotolewa na kampuni ya Geigy ya Uswisi mwaka 1949 na kushangiliwa sana, mpaka mwaka 1984 Uingereza ikabaki kuiruhusu kwa ugonjwa mmoja tu wa uti wa mgongo.

3. "Ni nadra" imekuwa kifuniko

Hili ndilo neno nililopewa kwa mdomo, kwenye korido, na mtumishi aliyekuwa na haraka: "Mwalimu, hayo ni mambo nadra." Naomba nilikalie kidogo.

Kuna dawa ya maumivu iitwayo metamizoli. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1922 kwa jina la Novalgin, na mpaka leo Wajerumani, Wahispania na Wabrazili wanaitumia mno. Ndugu zetu walioko Ujerumani huja nayo likizo, chupa ya matone kwenye begi, zawadi kwa mama mwenye magoti. Ni dawa nzuri ya maumivu. Ila inajulikana pia kwa kuangusha chembe nyeupe. Inaangusha mara ngapi? Hapo ndipo kwenye somo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotolewa mwaka 1986 ulikadiria kama mtu 1 katika milioni kwa wiki moja ya matumizi. Wasweden waliiondoa mwaka 1974, wakairudisha 1995, wakaiondoa tena 1999, na mwaka 2002 watafiti walipopiga hesabu ya taarifa za kipindi hicho walipata takriban mgonjwa 1 kwa kila vyeti 1,439 vya dawa. Dawa ni hiyohiyo. Vipimo vya hesabu havifanani, kimoja cha wiki ya matumizi na kingine cha cheti, lakini hata ukivilinganisha kwa huruma zote pengo linabaki la mamia kwa mamia. Kumbe unadra unategemea pia nani anahesabu, na anahesabu nini.

Sasa kwetu nani anahesabu? Mtu akija na homa na koo, ana malaria. Kipimo kikikataa, ana taifodi. Taifodi ikikataa, ana UTI. Utatu huu kila Mtanzania anaujua, na tunautania, lakini ndani yake anaweza kupita mgonjwa wa agranulositosisi mpaka kaburini, na cheti cha kifo kikaandika maambukizi ya damu. Itakuwa kweli. Kilichoyaleta maambukizi hakitaandikwa popote. Hata picha nzima ya damu, kipimo kinachohesabu chembe zote, ikipigwa, viwango vilivyochapishwa pembeni ya majibu mara nyingi ni vya Ulaya, na Waafrika wengi wenye afya njema huwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu; basi mtaalamu anazoea kuona namba ndogo na kuipita. Siku namba hiyo ikiwa ndogo kwa sababu ya dawa, jicho limeshazoea.

Sisemi kwamba madhara haya ni mengi. Nasema hatuna msingi wa kulitumia neno "nadra" kumnyamazishia mtu, kwa sababu hatujahesabu.

4. Fomu ya njano haijazwi

Tanzania iliingia kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, mbele ya majirani zetu wote wa Afrika Mashariki. Tunayo fomu ya njano ya kuripoti. Tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya kuzipokea. Katika ugonjwa wa kaka, uliopita zahanati, wilayani na kliniki, hakuna fomu hata moja iliyojazwa mpaka tulipofika kwa daktari kijana, naye aliichapisha mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Muuzaji wa duka nilipomuuliza kuhusu fomu hiyo aliniambia anaijua ya bima tu.

5. Sindano nyuma ya kaunta, na "dawa za asili" za mnadani

Hili nitalipita haraka kwa sababu kanuni zipo. Duka la dawa muhimu si mahali pa kuchoma sindano, na kila mwenye leseni anajua. Na zile chupa zinazouzwa kwa kipaza sauti, "kiuno, mgongo, magoti, ganzi", mtu atwae sampuli azipeleke maabara. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa walioishiwa chembe nyeupe baada ya kutumia dawa za mitishamba za Kichina. Ndani ya vidonge hivyo vya "asili" walikuta aminopirini, dawa nyingine ya maumivu, na fenilibutazoni ileile. Sijui kilichomo kwenye za kwetu, na nina wasiwasi kwamba nanyi hamjui.

Ndugu Mganga Mkuu, nimekaa ofisini kwenu vya kutosha kujua nitakayojibiwa. Naomba niyatangulie.

Mtasema hamna mashine. Kwamba kipimo cha picha nzima ya damu kinasimama kila kitendanishi kinapoisha, na Coombs ipo rufaa tu. Ni kweli, na siwadai mashine. Tena katika hili watu wa Ulaya wametupa hoja. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Hispania ilitoa tahadhari kwamba metamizoli isitumike kwa watu wasioweza kufuatiliwa vipimo, watalii na wapitaji, baada ya taarifa za wageni waliodhurika, Waingereza wengi wakiwamo. Mwaka 2024, kwa ombi la Finland, Shirika la Dawa la Ulaya likaipitia dawa hiyo upya. Likaamua ibaki sokoni. Na likasema kitu ambacho kilinishangaza: kwamba kupima damu kila mara kwa wanaoitumia hakujaonyesha kusaidia kuligundua tatizo mapema, kwa kuwa linaweza kutokea wakati wowote, hata muda mfupi baada ya kuacha dawa, hata kwa mtu aliyewahi kuitumia bila shida. Walichokisisitiza ni mgonjwa aambiwe. Ajue kwamba akipata homa, baridi, koo kuuma au vidonda mdomoni, aache dawa na aende hospitali mara moja. Wenye mashine kila kona wameishia kutegemea sentensi mbili za mdomo. Sentensi mbili hata sisi tunazimudu.

Mtasema watu wataogopa dawa. Dengue ilipolipuka Dar es Salaam, mwaka 2014 na tena 2019, wananchi waliambiwa waziwazi wasimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa homa ile, kwa sababu sahani zao tayari zimepungua na wanaweza kuvuja damu, watumie parasetamoli. Nani aliacha dawa zote kwa hofu? Bibi zetu waliielewa habari ya dengue na parasetamoli kuliko baadhi ya wauzaji. Mtu mzima ukimweleza anaelewa.

Mtasema nataka dawa hizi zipigwe marufuku. Hapana, na kwa herufi kubwa kama ingekuwa adabu. Nchi hii huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka. Anayejua mtoto wa selimundu akiwa kwenye maumivu yake hawezi kuomba dawa za maumivu ziondolewe. Ila watoto haohao ndio nisingependa bahasha zao zikose jina, maana HB yao ikishuka kila mtu atasema ni selimundu, na hakuna atakayeiuliza dawa.

Mtasema wauzaji wa maduka ya dawa muhimu elimu yao ni ndogo. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa wazo zuri kabisa, la kumfundisha muuzaji wa kijijini badala ya kumfukuza. Mtu aliyefundishwa kutenganisha vidonge vya mtoto na vya mkubwa anaweza kuandika neno moja zaidi kwenye bahasha. Kalamu anayo tayari. Ndiyo aliyoandikia 1×3.

Na mtasema, kama alivyosema yule wa korido, kwamba kaka amepona, tunataka nini tena. Alipona, tunamshukuru Mungu na daktari yule. Chupa za damu alizoongezewa zilitoka kwa watu, wengine ni wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliojitolea, na zilitumika kumtibu ugonjwa tuliomrudishia wenyewe kwa cheti chetu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Agizo la maandishi kwa kila duka la dawa, zahanati na kituo cha afya mkoani: bahasha ya dawa iandikwe jina la dawa, nguvu yake na tarehe iliyotolewa, kwa herufi zinazosomeka. Dawa mbili, bahasha mbili.

(b) Muhuri wa mpira au stika ya Kiswahili kwenye bahasha za dawa za maumivu, yenye maneno yasiyozidi haya: "Ukipata homa na koo kuuma, vidonda mdomoni, macho ya manjano, mkojo mweusi, au madoa na damu zisizo na sababu, acha dawa hii na uende hospitali ukiwa na bahasha hii." Muhuri unachongwa mjini kwa bei ya soda chache. Niko tayari kuchangia wa kata yetu.

(c) Kila mgonjwa mwenye homa isiyo malaria, au upungufu wa damu wa ghafla, aulizwe dawa alizomeza katika wiki zilizopita, na jibu liandikwe kwenye cheti. Penye mashine, ipigwe picha nzima ya damu. Pasipo na mashine, darubini ya malaria iliyofunikwa kitambaa tangu vipimo vya haraka vilipokuja inatosha kumwonyesha mtaalamu mwenye uzoefu kwamba chembe nyeupe zimetoweka.

(d) Fomu ya njano iwepo, na mganga mfawidhi aulizwe kwenye kikao cha robo mwaka amejaza ngapi. Akijibu sifuri, aulizwe kwa nini, bila kutishwa. Mtu akitishwa ataacha kuripoti au ataripoti uongo.

(e) Aliyekwisha kudhurika apewe kadi. Aliyomwandikia kaka daktari yule ni kipande cha boksi la glavu kilichokatwa kwa mkasi, kikaandikwa pande zote mbili na kupigwa muhuri wa wodi. Kinafanya kazi. Kimeshamwokoa mara moja, kwa daktari wa meno.

(f) Sindano nyuma ya kaunta zikome, na dawa za mnadani zipimwe. Matokeo yatangazwe kwa kipaza sauti kilekile.

Kwa walio na dawa hizi nyumbani sasa hivi, naomba msiitumie barua hii kuacha dawa mliyoandikiwa na daktari, hasa aspirini ya moyo. Muulizeni kwanza. Na kama mna bahasha isiyo na jina, irudisheni dirishani iandikwe.

Nasubiri jibu la maandishi kutoka ofisi yako, Ndugu Mganga Mkuu. Nikilipata nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, lote, hata likinipinga. Wiki ijayo nitapita tena kuulizia faili, na nitakuja na mfano wa muhuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia, ndugu wa mgonjwa

Nakala:
Mwenyekiti wa kamati ya afya ya wilaya
Mganga mfawidhi wa hospitali husika
Wamiliki wa maduka ya dawa wa kata yetu
Ubao wa matangazo, ofisi ya serikali ya mtaa